Barua ya wazi kwa Kamishna wa Elimu: Mabegi ya watoto yamezidi uzito

Ndugu Kamishna,

Salaam. Mimi ni fundi wa mabegi hapa Tabata, Dar es Salaam. Shule zikifunguliwa, meza yangu hujaa mabegi ya wanafunzi wa msingi. Zipu kuharibika ni jambo la kawaida. Kinachoniumiza ni mikanda. Hukatika pale juu iliposhonewa, na mara nyingi hukatika mmoja tu. Wa pili unaukuta mzima, sponji yake bado imejaa. Hapo najua mtoto alikuwa analining'iniza begi bega moja. Uzi wa nailoni umeshindwa, na bega la mtoto wa miaka tisa limebeba mzigo huohuo.

Uzito wenyewe unaanzia kwenye kaunta buku, yale madaftari makubwa manene. Moja ya kwaya tatu (quire 3) ina kurasa 288 na jalada gumu, na huvuka nusu kilo. Shule nyingi, hasa za binafsi, huagiza kaunta buku kwa kila somo. Mtoto akibeba sita, kilo tatu zimeshapita kabla hujaweka vitabu vya kiada, kontena la chakula, viatu vya michezo na chupa ya maji ya lita moja, ambayo ikijaa ni kilo nyingine. Wataalamu wengi wa afya hushauri begi lisizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto. Mwenye kilo 30 anatakiwa kubeba kilo tatu, zikizidi sana nne na nusu.

Begi zito humvuta mtoto nyuma. Ili asianguke, anainama mbele na kuichomoza shingo, na misuli ya mgongo inakaza njia nzima. Mkanda mwembamba ukizama begani unabana mishipa ya fahamu inayoshuka mkononi. Ndiyo ile ganzi ya vidole ambayo watoto wanailalamikia. Kifua nacho hakitanuki sawasawa, hivyo anahema haraka. Akishuka daladala kwa kusukumwa, begi ndilo linalomwangusha.

Wapo wanaosema begi linaleta kibiongo. Mimi sidai hivyo, maana tafiti hazijathibitisha kwamba begi peke yake linapindisha uti wa mgongo. Lakini maumivu na uchovu anaofika nao darasani vinatosha kutushtua.

Wazazi wakija nawaeleza: mtoto avae mikanda yote miwili, ikazwe mpaka begi lishike mgongo wala lisining'inie chini ya kiuno, vitabu vizito vikae upande wa mgongoni, na mikanda iwe mipana yenye sponji. Wananisikiliza. Kisha wananionyesha orodha ya mahitaji waliyopewa na shule, na hapo mimi na mzazi wote tunakwama. Ukilikaza vizuri begi la kilo saba, bado ni kilo saba.

Ndiyo sababu nakuandikia wewe. India mwaka 2020 ilitoa sera ya mabegi ya shule: uzito usizidi asilimia 10 ya uzito wa mwanafunzi, watoto wa awali wasibebe begi kabisa, na shule ziwe na mizani. Sisi tunaweza kuanza na Waraka wa Elimu wa ukurasa mmoja. Kaunta buku zisiagizwe shule za msingi, watoto warudi kwenye madaftari membamba. Likijaa moja, linanunuliwa jingine. Ratiba ifuatwe, kwa sababu watoto wengi hubeba masomo yote kwa kuogopa adhabu mwalimu akibadilisha kipindi. Vitabu vya kiada vibaki kwenye kabati la darasa siku zisizo na kazi ya nyumbani. Maji safi yawepo shuleni, hiyo chupa ya lita ibaki nyumbani. Na Wathibiti Ubora wa Shule, yaani wakaguzi wa shule, wanapokagua madaftari ya walimu, wapime na mabegi machache mlangoni. Mizani ya kuning'iniza anayotumia muuza nyama inatosha.

Orodha za mahitaji ya Januari huanza kugawiwa wanafunzi wakifunga shule mwisho wa mwaka. Waraka ukitoka kabla ya hapo, wazazi watakuwa bado hawajanunua.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi mabegi, Tabata