Barua kwa mwanangu mkunga: andika hata bei ya sukari

Muheza

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi huku wazima, machungwa yamejaa mpaka hayana mnunuzi, na baba yako goti limemwachia kidogo.

Uliponipigia ulinicheka kwamba umezisoma kaunta buku zangu zote likizoni na hukukuta kitu. Ukasema kila ukurasa ni yale yale: nimefua, zamu ya usiku, wazazi watatu, mvua, sukari hakuna. Ukauliza, mama, wewe mwenyewe ulikuwa wapi humo ndani? Nikakujibu kwa mkato maana salio lilikuwa linaisha. Leo nakujibu kwa nafasi.

Yupo mkunga mwenzetu nataka umjue. Aliitwa Martha Ballard, wa Hallowell, kando ya mto Kennebec, sehemu ambayo siku hizi ni jimbo la Maine, Marekani. Dada yako aliniletea kitabu cha mwanahistoria mmoja aliyemchunguza, nikakisoma na miwani yangu hii mbovu mpaka nikakimaliza. Martha alianza kuandika mwezi Januari 1785, umri wake unakaribia miaka 50, akaendelea mpaka Mei 1812, mwaka aliokufa. Miaka 27. Na karibu kila siku ni hivyo hivyo unavyovicheka: hali ya hewa, nani amekuja, nani kajifungua, binti yupi yuko kwenye kitanda cha kufumia, nini kimepandwa bustanini. Waandishi wa historia ya mji ule, karne ya 19, waliziona daftari zile, wakaona mengi yake ni mambo madogo madogo ya kurudiarudia. Walichukua vipande vichache, vingine wakaviacha.

Sasa sikia yaliyokuwamo katika hayo madogo. Uzazi 816 aliousimamia yeye mwenyewe, kila mmoja na tarehe yake. Alivuka mto kwa mtumbwi, wakati wa baridi akavuka juu ya barafu, na Aprili 1789 alikwenda kwa mzazi mito imefurika, upepo ukang'oa mti mbele ya farasi wake. Malipo yake mara nyingi ni shilingi 6 za wakati ule, na wengi walimlipa vitu badala ya fedha. Akishalipwa anatia alama pembeni mwa ukurasa. Ukizijumlisha siku hizo zinazochosha, unapata jambo ambalo hakuna daktari wa mji ule aliyeliandika: katika uzazi wote ule hakuna mama hata mmoja aliyemfia wakati wa kujifungua, na waliokufa siku za uzazi baadaye ni watano tu. Hakuwa na glovu, hakuwa na sindano ya kuzuia damu, habari za vijidudu kuleta maradhi bado hazijajulikana duniani. Wewe na mimi tunajua maana ya namba hiyo. Bwana mkubwa asiyewahi kuingia leba ataipita kama amepita bei ya vitunguu.

Lakini iliyonikamata mimi ni habari ya mwanawe. Sheria ya huko ilikuwa hivi: msichana akipata mimba nje ya ndoa, mkunga anamuuliza baba wa mtoto ni nani wakati uchungu umemshika kwelikweli. Waliamini katika hali ile mtu hasemi uongo, na maneno yake yalikubaliwa mahakamani kudai matunzo. (Ukatili, naona mimi. Kumhoji mtu katikati ya uchungu! Ila bila hayo maskini wa Mungu asingepata hata senti.) Basi Oktoba 1791 Martha akaitwa kwa binti mmoja, Sally Pierce. Akamuuliza kama kazi yake inavyotaka. Sally akamtaja Jonathan. Na Jonathan ni mtoto wa Martha mwenyewe, wa kumzaa.

Aliandika nini? Aliandika kwamba Sally amejifungua mtoto wa kiume na amemtaja mwanangu Jonathan kuwa ndiye baba. Basi. Hakulia kwenye karatasi, hakujitetea, hakumlaani mtu. Februari iliyofuata Jonathan na Sally wakafunga ndoa, na hilo nalo likaandikwa katikati ya shughuli nyingine. Wewe unaniambia humwoni mwandishi. Mimi namwona vizuri sana hapo, mama aliyeshika kalamu na kuandika jina la mwanawe mahali ambapo angeweza kuliruka, na hakuna ambaye angejua.

Na katika hesabu za daftari hilohilo ikaonekana kwamba wazazi wengi wa mimba ya kwanza, kama 4 katika kila 10, walikuwa wameshika mimba kabla ya harusi. Watu tunaoambiwa walikuwa wacha Mungu wa kupigiwa mfano! Nilicheka peke yangu. Tena wengi waliishia kuoana na maisha yakaendelea. Ukisikia mtu anakuhubiria kuwa zamani mabinti walijitunza, mwambie zamani ya wapi, na nani aliyeiandika.

Misiba nayo aliiandika vivyo hivyo. Mwaka 1769, kabla hajaanza daftari, dondakoo liliwachukua binti zake watatu kwa muda usiotimia wiki tatu, na yeye ana mimba. Miaka 17 baadaye, tarehe ilipofika, anasema tu kwamba leo ni miaka kadhaa tangu afe binti yangu fulani, anataja na umri aliokuwa nao. Kisha kazi za siku. Nimezika na mimi, unajua. Mstari ule mmoja ulinitosha.

Sasa rudi kwenye zangu. Fungua ile ya 1983, yenye jalada jekundu lililokwanguka. Shuleni mlifundishwa vita vya Kagera, nchi kukosa fedha za kigeni, msako wa wahujumu uchumi, Waziri Mkuu Sokoine kufariki tarehe 12 Aprili 1984. Yote kweli. Lakini utaona nimeandika sabuni, sabuni, sabuni. Ndiyo, maana hiyo ndiyo iliyokuwa habari ya mjini. Kanga zangu nilifua kwa majani ya mpapai, kipande nilichobahatika kupata foleni nikakitunzia nepi za kaka yako. Walipoanza kuwasaka walanguzi, watu walitupa mali usiku kwa hofu, na sisi asubuhi tukisikia tu kwamba kuna mifuko ya sukari imeonekana mtaroni. Kuna siku nimeandika: mama wa mapacha kaniachia nusu mche wa sabuni. Hukuona kitu hapo? Mimi siku ile nilirudi nyumbani natembea kama niliyeshinda bahati nasibu. Mwanamke yule alikuwa na watoto wawili wachanga wa kufuliwa, akaukata mche wake katikati.

Daftari la kila siku lina upungufu wake, nisikudanganye. Linamtaka mtu awe na kalamu, karatasi na taa. Bibi yangu mzaa mama alizalisha nusu ya kijiji chetu. Alijua mtoto amelalaje tumboni kwa kiganja tu, na alijua mizizi ambayo mimi mwenye cheti siijui mpaka leo. Hakujua kusoma, na sisi wajukuu tuliosoma hatukukaa naye kumwandikia, tulikuwa tunakimbilia mjini. Maisha yake yote yamebaki katika hadithi tatu nne za matangani, nazo kila msimuliaji anaziongeza chumvi yake. Martha tunamjua kwa sababu mumewe alikuwa mpima ardhi, nyumba ilikuwa na wino. Walio chini yake kule kule hatuwasikii isipokuwa pale alipowataja.

Wewe wino unao. Usiniambie kwamba rejista ya wodi inatosha. Rejista inataka jina, mimba ya ngapi, uzito wa mtoto, damu iliyopotea. Ijaze kwa uaminifu, mkaguzi akija isikuaibishe. Ila haina mahali pa kuandika kwamba mama alifika kwa bodaboda akiwa amekaa upande, au kwamba mama mkwe aligoma nje ya mlango, au umeme ulikatika mkashika tochi ya simu kwa meno. Hayo ndiyo ya daftari lako. Majina usiandike; Martha aliyaandika waziwazi, zama zake ziliruhusu, sisi tumeapa. Andika mzazi wa leo, mzazi wa usiku, inatosha. Na uandike kwa kalamu kwenye karatasi, simu zinaibiwa.

Wala usijilazimishe kuandika mawazo makubwa. Nimeona siku hizi vijitabu vya kuandikia hisia, kila ukurasa umeandikwa swali juu: leo unashukuru nini? Sina ugomvi navyo, ila mtu akivisoma baada ya miaka 50 atajua ulishukuru, hatajua ulikula nini.

Daftari za Martha zilikaa kwa binti yake Dolly, zikapita kwa wajukuu, na mwaka 1884 zikamfikia kilembwe chake, Mary Hobart, mwaka huohuo aliohitimu udaktari. Huyo ndiye aliyezipeleka kwenye maktaba ya jimbo la Maine mwaka 1930. Mkunga kumwachia daktari, tena mwanamke. Mjukuu sijakudai bado, usianze kununa.

Nikitoka hapo nina maswali, na nataka unijibu kwa barua, si kwa ujumbe wa maneno mawili. Huko Uvinza unakofanya kazi, mjamzito wa vijiji vya mbali anafika na nini usiku? Nauli anatoa nani? Wanakuja na nguo zipi za mtoto, na wanapika nini cha mzazi, maana huku kwetu ni uji wa pilipili manga na supu, huko sijui. Chumvi mnakalia wenyewe, je, mnauziwa shilingi ngapi? Na wewe unakula saa ngapi ukiwa zamu?

Baba yako anakusalimu, anasema umtumie dagaa akitokea mtu wa kuja huku.

Ni mimi mama yako.