Sefu, usitume hela bado

Ndugu yangu Sefu,

Salamu nyingi, na pole kwa kukuweka roho juu. Picha zako zote saba zimefika na jana nimekesha nazo. Najua ulitaka jibu la neno moja, nunua au acha, ila unanijua: kwenye hizi mashine za michezo ya video za ukumbini, za kutia sarafu, sina jibu fupi. Isome barua hii kabla hujamjibu yule muuzaji.

Kabati lenyewe, yaani lile sanduku lenye skrini na vitufe, zuri, nianze na hilo. Astro City ya Sega, toleo la mwaka 1993, skrini ya chogo ya inchi 29, na paneli ya vitufe haijatobolewa ovyo. Ule umanjano usikuumize kichwa, plastiki nyeupe ya miaka hiyo huzeeka hivyo kwa mwanga na umri. Yale madoa mawili meusi karibu na joistiki ya kushoto ni sigara. Wachezaji wa Japani walikuwa wanavuta huku wanacheza miaka nenda rudi, mpaka sheria ilipobana uvutaji ndani ya majengo Aprili 2020. Mashine iliyotoka kwenye ukumbi wa biashara ni mtumba uliotumikishwa. Mtu akikuonyesha ya miaka thelathini isiyo na hata kovu moja, mimi hapo ndipo ningeanza maswali.

Kinachonikera ni lile tangazo. "Imejaribiwa, inafanya kazi." Basi, imeishia hapo.

Imejaribiwa na nani? Kwa bodi gani, yaani lile bamba la chipu lenye mchezo wenyewe? Kwa dakika ngapi? Hizi skrini za chogo zina tabia ya kuwaka vizuri zikiwa baridi, halafu zikishapata moto picha inajikunja pembeni, au inavimba kila rangi nyeupe inapotokea, kwa sababu kapasita zimechoka. Ukipiga picha dakika ya kwanza utaapa ni nzima. Kwa hiyo mwombe video, na siyo ya mchezo. Wapiganaji wakirukaruka huoni kitu. Mwambie aingie kwenye menyu ya majaribio aonyeshe ule mchoro wa mistari iliyopishana kama wavu, na zile baa za rangi, mara tu anapowasha na tena baada ya saa nzima. Mistari iliyonyooka haijui kuficha ubovu. Na pembeni ya skrini aweke karatasi yenye jina lako na tarehe ya siku hiyo. Mtu mwenye mashine mbele yake hilo ni jambo la kufanya huku anakunywa maji. Akianza kuzungukazunguka, ama anajua kitu, ama mashine hana.

Hilo la kutokuwa nayo usilichukulie mzaha. Wapo wanaouza kontena ambalo bado liko Japani: wanachukua picha kwa wakala, wanapokea malipo ya awali, kisha ndipo mzigo unapakiwa. Sisemi ni wizi, mimi mwenyewe nimenunua hivyo na nikapata. Lakini ni biashara nyingine kabisa, na muuzaji anatakiwa aiseme mapema: mzigo uko wapi leo, nani ameugusa kwa mkono wake, na ukichelewa au ukivunjika njiani hasara ni ya nani. Na ikiwa kauli ya "inafanya kazi" imetoka kwenye tangazo la mnada wa kule, akutumie maneno ya awali ya Kijapani. Wajapani wana neno "janku". Likiandikwa, maana yake usije kulalamika: kitu kinauzwa kilivyo, kibovu au hakijajaribiwa. Nimeona janku ikisafiri baharini na kushuka ikiitwa "nzima, inahitaji kufutwa vumbi".

Sasa tazama tena picha zako. Saba, na zote ni za mbele. Hakuna hata moja ya mgongo.

Nikueleze kwa nini nataka mgongo. Kabati langu la pili lilifika limefungwa vizuri kwa macho, plastiki nzima, kioo hakina mkwaruzo. Nilifurahi kama mtoto. Nikafungua mlango wa nyuma nikamulika tochi kwenye shingo ya ile tyubu, chupa ya kioo ya skrini ya chogo, pale inapokuwa nyembamba kama chupa kabla ya soketi. Ndani ya kioo pale huwa kuna doa la kung'aa kama fedha, ndilo linalonyonya mabaki ya hewa tyubu ikiwa nzima. Langu lilikuwa jeupe, limefifia kama chokaa. Sikuhitaji hata kuchomeka waya. Shingo ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, hewa imeingia, tyubu imekufa. Wamelilaza kabati chali bila kuweka kitu cha kukinga bodi ndogo inayokaa kwenye ile shingo, na kila mtikisiko wa safari ukaishia hapo. Nikamwandikia muuzaji, akasema ni mambo ya msafirishaji. Msafirishaji akasema ni mambo ya mfungaji. Mfungaji ndiye yule yule muuzaji. Unaona mzunguko ulivyo?

Ndiyo maana siku hizi nadai picha tatu kabla mzigo haujaondoka: shingo ya tyubu na lile doa likionekana, kabati likiwa limesimama limefungwa, na sehemu zilizotiwa sponji. Kitu hiki kina uzito wa kama kilo mia, hakibebwi kama televisheni ya nyumbani.

Halafu umeme. Mashine za Japani zinakula volti 100. Siyo 110, wala 220. Muuzaji wa kweli wa mashine kutoka nje anakuambia hilo kabla hujauliza, na anakuambia kama amebadilisha pawasapulai au unahitaji transfoma, ya ukubwa gani. Tangazo lako halitaji volti popote. Ukichomeka moja kwa moja kwenye 240 utasikia mlio mmoja tu.

Tuje kwenye bodi, maana anakuuzia na mchezo wa CPS-2, aina ya bodi za kampuni ya Capcom, juu yake. Hapa ndipo nilipopigwa mara ya kwanza, na hadi leo sijui kama nilipigwa kweli.

Capcom walianza kutumia CPS-2 mwaka 1993 na programu yake ni fumbo. Ufunguo wa kulifungua unakaa kwenye kumbukumbu inayoshikiliwa na betri ndogo ya volti 3.6. Betri ikiisha ufunguo unapotea, na bodi haiwaki tena hata kama kila chipu iko salama. Mafundi wanaiita kujiua. Mimi nilinunua ya kasha la kijani, ndiyo rangi ya soko la Japani, na tangazo lilisema inafanya kazi. Ilifika, ikafanya kazi. Nimecheza wiki nane. Siku moja nimerudi nyumbani nimewasha, skrini ikanipa rangi moja tupu, hakuna maandishi, hakuna sauti. Nilikaa mbele yake kama mtu anayesubiri iniombe radhi.

Muuzaji alinijibu sentensi moja: ilipotoka kwangu ilikuwa nzima. Na Sefu, alisema kweli! Hakuna neno la uongo hata moja. Lakini alikuwa anauza bodi hizo kila mwezi, alijua fika swali la kwanza la kila mtu mzoefu ni betri ilibadilishwa lini, na aliona mimi sijauliza. Akanyamaza. Nimebishana na watu wengi juu ya hili. Wengine wanasema kuuliza ni kazi ya mnunuzi. Mimi nasema hapana. Bei ya hawa waagizaji iko juu kuliko ya mnada wa Japani, na tofauti hiyo hatulipii nauli peke yake, tunalipia ujuzi wao. Ujuzi unaonyamaza sijui nimeulipia wa nini.

Siku hizi bodi ile si maiti tena. Mwaka 2016 watafiti walifumbua mfumo mzima wa ulinzi wa CPS-2, na fundi anaweza kurudisha ufunguo wenyewe. Ya kwangu imefufuka hivyo. Lakini kabla ya hapo watu walikuwa wanafufua kwa kubadilisha programu iliyo kwenye chipu, na bodi za namna hiyo bado zinazunguka sokoni. Zinacheza vizuri, ila kwa mkusanyaji si bodi ya asili tena, na muuzaji lazima aseme ipi ni ipi. Muulize hivi hivi: ufunguo ni wake au programu imebadilishwa? Na betri ina umri gani? Atakayejibu "sijui" kwa unyoofu nampa alama. Bei ishuke tu.

Feki nazo zipo, hasa bodi za nje ya CPS-2. Street Fighter II, ule mchezo wa kupigana wa Capcom wa 1991, ilinakiliwa mpaka basi. Akikuuzia bodi iliyo wazi, dai picha ya pande zote mbili, karibu, kiasi cha kusoma maandishi ya chipu. Kwenye ya asili utaona jina la mtengenezaji limechapwa kwenye bodi, lebo za chipu zinafanana, na chipu kubwa maalumu za kampuni ziko mahali pake. Feki mara nyingi pale penye chipu moja kubwa imejaza utitiri wa vidogo vya kawaida. Ila usimhukumu mtu kwa kuona waya umelehemiwa upande wa chini, viwanda vyenyewe vilikuwa vinafanya hivyo kurekebisha makosa. Na feki inayouzwa kwa jina lake la feki sina ugomvi nayo, ninayo moja hapa na naipenda.

Uliuliza kuhusu yale maandishi yanayotokea mchezo unapowaka, kwamba ni kwa matumizi ya Japani tu, kama maana yake ni mali ya wizi. Hapana. Ulikuwa ugomvi wa kibiashara: watu walinunua bodi Japani kwa bei nafuu na kuzipeleka kwenye kumbi za Marekani kabla wakala wa kule hajauza zake. Mwaka 1989 mahakama ya rufani ya huko, kwenye kesi kati ya Red Baron, wenye kumbi, na kampuni ya michezo ya Taito, juu ya mchezo wa Double Dragon, iliamua kwamba kununua bodi Japani hakukupi haki ya kuichezesha hadharani kwa sarafu Marekani. Bunge lao likatoa nafuu mwaka 1990, nayo ikakoma Oktoba 1995. Wewe unaweka chumbani kwako. Siku ukitaka kufungua ukumbi, hapo zungumza na mwanasheria kwanza.

Kitu cha kuogopa zaidi, usije ukakitamani baadaye, ni mashine za miaka ya karibuni zinazotegemea mtandao wa mtengenezaji, kama NESiCAxLive ya Taito ya 2010, au zile za muziki za Konami zilizoungwa na e-AMUSEMENT. Taa zote zinawaka, kabati linang'aa kama harusi, kisha inatafuta seva ya Japani na kukwama hapo. Kwenye picha huwezi kujua.

Nisije nikakutisha kupita kiasi. Wapo wazuri. Yule aliyeniuzia kabati la Egret II la Taito aliniandikia kabla sijalipa: kitufe cha pili upande wa kulia kinakwama, skrini ina kivuli cha alama za mchezo wa zamani kikionekana ikiwa imezimwa, na funguo ya mlango wa sarafu hana. Akanitumia picha ya kila kimoja. Kabati lilipofika nikatafuta kasoro ya nne kwa siku mbili, sikuiona. Aliahidi siku kumi na nne za kulijaribu, akaandika tangu siku ya kupokea, siyo ya kutuma. Huyo hata akiweka bei ya juu kidogo simbishii.

Kwa hiyo mwandikie wako leo. Video ile ya saa nzima, picha ya shingo, volti, betri, na siku ngapi za kujaribu. Ulizia pia kama anatoa ule waya wa ziada wa vitufe vya mateke. Kiunganishi cha JAMMA, kile cha pini 56 kinachounga bodi na kabati, peke yake hakifikishi vitufe sita, na usipokuwa nao utapigana kwa ngumi tu. Majibu yake nitumie kama yalivyo, usiyafupishe, nataka kusoma anavyoandika.

Mimi hapa nimefungua kasha la ile bodi ya kijani, nimeweka betri mpya, nikabandika ndani karatasi yenye tarehe.

Wako,
Hamadi

N.B. Funguo! Asipokuwa nazo si tatizo kubwa, kufuli zinabadilishwa. Ila aseme kabla, usije ukatoboa mlango kwa drili kama mimi.