Homare Sawa alikuwepo kabla ya Frankfurt

Mhariri,

Kila wanapotajwa magwiji wa soka la wanawake, Homare Sawa wa Japani hukumbukwa kwa bao moja. Bao lenyewe nililiona. Usiku wa Julai 17, 2011, fainali ya Kombe la Dunia la wanawake ikichezwa Frankfurt, Ujerumani, tulikuwa watu wanane tu kwenye kibanda umiza, na mwenye kibanda keshaanza kupanga viti. Marekani wanaongoza 2-1, dakika ya 117, Mjapani mwenzake Aya Miyama anachonga kona. Sawa akachomoka mpaka mlingoti wa karibu, akauparaza mpira kwa nje ya mguu wa kulia. Mbili mbili! Japani wakabeba Kombe la Dunia kwa matuta, 3-1. Tulishangilia jina lake kama la binti wa mtaani kwetu, na kwa Mswahili si jina gumu kutamka.

Lakini tukiishia hapo tunampunja. Siku ile alikuwa na miaka 32, na hiyo ilikuwa mara yake ya tano kucheza Kombe la Dunia. Timu ya taifa aliianza mwaka 1993, akiwa na miaka 15, akawatungua Ufilipino mabao manne siku hiyo hiyo. Akaenda Marekani kuichezea klabu ya Atlanta Beat. Ligi ya wanawake ya huko ikafa mwaka 2003, akarudi kwao kuendelea mbele ya majukwaa matupu. Wachezaji wenzake wengi walishinda kwenye vibarua, jioni ndiyo wanakwenda mazoezini. Miaka yote hiyo, nani alimwandika?

Mwaka 2011 ndipo umaarufu ulipomfikia: mfungaji bora kwa mabao matano, mchezaji bora wa mashindano, na Januari 2012 akapanda jukwaani Zurich amevaa kimono kupokea tuzo ya mchezaji bora wa dunia. Nchi yake ilikuwa bado inalia wafu wa tsunami ya Machi 11.

Na hapo ndipo panaponiuma. Miezi michache baadaye mabingwa hao wa dunia walisafiri kwenda Olimpiki ya London wakiwa daraja la kawaida, na vijana wa timu ya wanaume, ndege ile ile, daraja la biashara. Sawa hakunyamaza. Alisema ilipaswa kuwa kinyume chake, hata kwa kuangalia umri tu. Wanawake hao wakarudi na medali ya fedha.

Mhariri, ukurasa wenu wa michezo unasomwa na mabinti wanaocheza leo bila kuandikwa hata mstari mmoja. Mkimwandika tena Sawa, anzieni 1993, na mfike Desemba 27, 2015: fainali ya Kombe la Malkia la Japani, mechi yake ya mwisho, miaka 37, akiwa na klabu yake ya INAC Kobe. Ikapigwa kona, akaruka, akafunga kwa kichwa. INAC Kobe 1, Niigata 0.

Msomaji wenu,
Tanga