Majengo ya kale yapimwe kabla njia ya reli haijaamuliwa

Mhariri,

Reli au barabara ya mabasi yaendayo haraka inapopangwa kupita mjini, tathmini ya majengo ya kihistoria mara nyingi huishia kwenye orodha ya yatakayobomolewa. Hilo ni kosa kubwa. Jengo ambalo tingatinga halitaligusa linaweza kupasuliwa na mtikisiko, au kutitia pale uchimbaji wa handaki unaposhusha maji ya ardhini.

Mpaka wa eneo la athari ujumuishe vituo, karakana na hata barabara za malori ya ujenzi. Kila jengo lichunguzwe kwa maswali mawili yasiyochanganywa: lina thamani gani, na uasili wake umebaki kiasi gani? Kubadilishwa madirisha peke yake hakulifuti jengo kwenye orodha.

Kuhusu mtikisiko, kiwango cha Ujerumani cha DIN 4150-3 kinapendekeza kasi ya mtikisiko isizidi milimita 3 kwa sekunde kwenye msingi wa jengo dhaifu la kale, masafa (idadi ya mitikisiko kwa sekunde) yakiwa chini ya hezi 10; nyumba za kawaida ni milimita 5. Nyufa zipigwe picha na kupimwa upana mapema, ikiwezekana katika misimu tofauti, kwa kuwa hupanuka na kusinyaa kwa joto na unyevu. Bila rekodi hiyo, nani atathibitisha ufa upi ni mpya?

Tunaomba ripoti za tathmini hii zitolewe wakati njia mbadala bado zinajadiliwa, si baada ya mkataba kusainiwa.

Wahandisi na wahifadhi wa majengo