Malalamiko: nimelipia mboga za kaure mmeniletea plastiki

Kwa meneja wa duka,

Assalaam alaykum. Miye ni mteja wenu wa hapa Mji Mkongwe, Unguja, nnaandika kuhusu ile oda ya mboga za kupambia za kaure (ule udongo mweupe wa sahani za Kichina): bilingani, tungule, fungu la bamia na ile koliflawa kubwa ya kwenye picha, hela nimelipa zote kabla na nauli ya boti kutoka Dar nikalipa miye vilevile. Mzigo umefika mzima, hapo sina neno. Ila kilichomo ndani sicho nilichonunua.

Hii si kaure. Ni rezini, plastiki iliyomiminwa kwenye kalibu ikapakwa rangi basi. Kijana wenu wa kastama kea kanambia kwenye simu "dada mbona zinafanana tu", kha, zinafanana kwa nani? Kaure ukiishika ni baridi hata mchana wa jua kali, ina uzito wake, ukiigonga kwa kucha inalia tiiing, hii yenu inasema dup. Na kule chini kwenye kikalio mmebandika kitambaa cha kijani, nimekibandua nikakuta mshono wa kalibu umezunguka bilingani zima! Jani la koliflawa nikalielekeza kwenye taa, maana kaure ikiwa nyembamba hupitisha mwanga, hili giza totoro.

Tena tangazo lenu liliandika "kaure halisi kwa mtindo wa Chelsea". Mnaijua Chelsea nyie? Si timu ya mpira, ni kiwanda cha London ambacho miaka ya 1750 kilikuwa kinatengeneza mabakuli ya supu yenye sura ya koliflawa, kwa kaure, huku kiwanda cha Meissen, Ujerumani, wameshaanza tangu 1710 baada ya Wazungu kuhangaika sana kuipata siri ya Wachina. Na asiyeuza kaure husema wazi: Bordallo Pinheiro, kiwanda cha Ureno cha tangu 1884, wanafanya vyombo vya majani ya kabichi, ni udongo wa kuchoma wa kawaida, si kaure, na watu wananunua kwa raha zao wakijua wananunua nini.

Bei niliyolipa ni bei ya kaure. Ule udongo mweupe unachomwa kwenye nyuzi 1200 mpaka 1400 za Selsiasi, unanywea ukiwa ndani ya tanuri, kwa hiyo kutoa tungule na kikonyo chake bila kupasuka ni kazi ya fundi na fundi nipo tayari kumlipa. Na sie huku tuna hewa ya chumvi, rangi ya kupaka juu ya plastiki haina maisha, mwisho inabanduka na kunata vumbi, lakini bakuli za Kichina walizozitia wazee kwenye kuta za misikiti na makaburi ya pwani hii zilizobaki mpaka leo bado zinang'ara. Nyumba yetu ina zidaka ukutani, bibi alipanga sahani zake humo na miye nnapanga mboga zangu, wageni wakiziona wanauliza mchuzi unaiva saa ngapi. Sasa nikaweke dup katikati ya hizo? Haiwezekani.

Nnachotaka: mnirejeshee hela yote pamoja na nauli ya boti, na mzigo mje kuuchukua kwa gharama yenu. Habari ya vocha ya kununulia kitu chengine siitaki, nimeshamwambia yule kijana na nnairudia hapa. Na lile tangazo mlitoe au muandike rezini, maana jana bado lilikuwepo vilevile na watu wanauliza bei chini yake.

Risiti, picha za ule mshono na video ya kugonga nimeziambatanisha, video muisikilize na sauti. Nnangoja jibu la maandishi, simu sipokei tena.

Mteja wenu, Mji Mkongwe