Korasi ya Wagiriki isikatwe

Mhariri,

Majuzi nilikwenda kutazama maigizo ya wanafunzi wa sekondari. Walichagua tanzia ya Sophocles, mtunzi wa Ugiriki ya kale, juu ya mfalme Oedipus. Vijana walijitahidi sana, na aliyeigiza mfalme alinitoa machozi. Lakini korasi nzima, yaani kundi la kuimba na kucheza, ilikuwa mvulana mmoja, ameketi pembeni kwenye kiti cha plastiki, anasoma karatasi. Nilipouliza, nikaambiwa nyimbo zimekatwa ili kuokoa muda, kwani hazisogezi hadithi mbele.

Jambo hilo limeniuma, na naomba nafasi nieleze kwa nini.

Kwa Wagiriki, ngoma ndiyo iliyotangulia. Mwanafalsafa wao Aristotle aliandika kwamba tanzia ilitokana na walioongoza dithirambo, wimbo wa kumtukuza mungu Dionysus, ambao huko Athens uliimbwa na kuchezwa na makundi ya watu 50. Mapokeo yanamtaja Thespis, miaka ya 530 kabla ya Kristo, kuwa wa kwanza kujitenga na waimbaji na kujibizana nao. Mtunzi Aeschylus akaongeza mwigizaji wa pili, Sophocles wa tatu, basi. Watatu hao, wanaume pekee, walibadilishana barakoa wakawa mfalme, malkia, mchungaji, mjumbe.

Hata majina yanashuhudia. Orkestra ni mahali pa kuchezea ngoma. Skene kilikuwa kibanda tu nyuma ya uwanja, waigizaji wakiingia humo kubadili mavazi. Watu waliketi juu ya mbao, kwenye mteremko wa kusini wa kilima cha Acropolis, macho yote yakiangalia chini uwanjani. Yale madaraja ya mawe ya kukalia tunayoyaona kwenye picha yalijengwa karne iliyofuata, Sophocles amekwisha kufa siku nyingi.

Na korasi haikuwa rahisi kuitunza. Mji ulimteua tajiri abebe gharama za kuifundisha na kuivika. Mwaka 472 kabla ya Kristo, aliyemgharimia Aeschylus alikuwa kijana Pericles, ambaye baadaye aliiongoza Athens. Nani angemwaga fedha hizo kwa kitu cha kujazia muda?

Hebu tazama wanavyoingia katika mchezo wenyewe. Tauni imeikumba Thebes. Wazee 15 wa mji wanaingia uwanjani wakiimba, wanawalilia miungu Athena, Artemis na Apollo, maana maiti zimelala chini hazina wa kuzililia, na uchungu wa wazazi hauleti mtoto aliye hai. Mfalme anamsaka mwuaji wa mfalme aliyemtangulia, chanzo cha tauni hiyo, kwa ajili ya watu hawa. Ukiwaondoa, anabaki mtu mwenye hasira anayegombana na shemeji yake. Mji unaokufa uko pale uwanjani, una miguu 30 na sauti 15, na mvulana mmoja mwenye karatasi hawezi kuubeba, hata awe hodari namna gani.

Nimefundisha fasihi miaka mingi, najua ratiba za shule zinavyobana. Nyimbo zinaweza kufupishwa, beti mbili zikabaki badala ya nne. Ila ziimbwe, na ziimbwe na kundi, kwa miguu.

Walimu wale wakiamua kurudia onyesho, niko tayari kwenda jioni kuwafundisha vijana 15 kuingia pamoja wakiimba. Nauli nitajilipia.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro