Natafuta wa kupigana naye

Chumbageni, Tanga

Rukia shoga yangu,

Asalaam aleykum. Natumai nyote wazima huko Bagamoyo, wewe, Baba Nasra na watoto. Sisi huku hatujambo, ila Bi Mkubwa miguu imemrudia tena, na Mwanaidi kaachika, lakini hilo utalisikia mwenyewe kwa mdomo wake, mimi sijasema kitu. Najua unasema nimekutupa. Sijakutupa, mwenzangu. Nina jambo limenikaa shingoni, na kila ninayemweleza hapa ananicheka, ndiyo maana leo nimeshika kalamu.

Nataka timu ya kupigana na timu yangu. Mieleka. Wasichana. Haya, cheka umalize, kisha endelea kusoma.

Unamkumbuka Zuhura aliyeolewa akapelekwa Marekani? Binti yake anapigana mieleka shuleni kwao, tena si ile ya televisheni ya akina John Cena ya kupigana viti vya kichwani. Ni ile ya mashindano, yenye mwamuzi na pointi: unamkamata mwenzio, unamwangusha, ukimlaza mabega yote mawili chini pambano limekwisha. Hakuna ngumi, hakuna kabali. Zuhura akanitumia video, nami mdomo wangu na simu yangu havina siri, nikawaonyesha watoto wa kidato cha pili baada ya vipindi. Kesho yake nawakuta nyuma ya maabara, mikoba chini, wameshikana viunoni. Mwalimu wa nidhamu alishakata fimbo. Nikamwambia hawa ni wangu, ni klabu. Klabu yenyewe ndiyo ilizaliwa pale pale, nikiwa naitazama ile fimbo.

Sasa sikiliza habari ya Saumu, mjukuu wa Mzee Kombo wa Barabara ya 13. Mtoto mnene, mpole, haya zimemjaa. Kwenye netiboli kazi yake miaka yote kubeba ndoo ya maji na kushika makoti. Siku hiyo akapangwa na Rehema, unajua Rehema, yule mwenye mbio, anayejiona. Rehema akamwingia juu, amsukume. Saumu wala hakurudi nyuma. Aliinama, akaukumbatia mguu mmoja wa Rehema juu ya goti, sikio lake limegandana na mbavu za mwenzie, bega kwenye paja, halafu akazunguka taratibu, hatua moja, hatua ya pili, na Rehema kabaki anarukaruka kwa mguu uliosalia hadi akakaa chini pwaa. Wote kimya. Saumu mwenyewe akaomba radhi! Ilibidi nimwambie mchezoni hauombi radhi, unarudi katikati.

Ndipo nilipouelewa huu mchezo, Rukia. Netiboli inataka warefu, riadha inataka wepesi, mpira unataka wenye pumzi. Huku kila mtu anapigana na wa uzito wake. Kwenye Olimpiki wanawake wana madaraja sita, kuanzia kilo 50 hadi 76. Kimbaumbau ana nafasi yake na bonge ana yake. Nionyeshe mchezo mwingine wa shule unaomwambia mtoto kama Saumu njoo ulivyo.

Mkuu wa shule hakukataa. Alifanya lile lao, unalijua: "Mwalimu, wazo zuri, lakini haumo UMISSETA." Haumo kwenye hayo mashindano ya shule za sekondari, basi hakuna nauli, hakuna posho, hakuna vifaa, na afisa michezo hana fomu ya kujaza. Na hautaingia UMISSETA mpaka shule nyingi zicheze, na shule nyingi hazitacheza maana haumo UMISSETA. Nimezungushwa hapo hadi kichwa kikauma.

Nikamuuliza Zuhura, kwani kwenu ilikuwaje? Akanitumia habari za kusoma usiku kucha. Kumbe na wao walikuwa hapa hapa. Mwaka 1994 wasichana waliocheza mieleka katika shule za sekondari Marekani nzima walihesabiwa 804. Aliyetaka kucheza alijiunga na timu ya wavulana, na wavulana wengine wakikataa kupigana naye, anapewa ushindi wa mezani na kurudi kukaa. Nani ataleta binti yake kwenye mambo hayo? Mwaka 1998 Hawaii wakawa jimbo la kwanza kuwawekea wasichana ubingwa wao wenyewe, Texas nao wakafuata, majimbo mengine yakaja pole pole. Msimu wa 2023/24 walipita 60,000. Na mwaka 2025 chama cha michezo ya vyuo vikuu kikaidhinisha ubingwa wa wanawake. Wasichana walikuwapo tangu zamani, Rukia. Kilichokosekana ni mwenzao wa kupigana naye, siku yenye tarehe, na mtu wa kuandika matokeo.

Ndiyo maana nakusumbua wewe na si mwingine. Peke yangu nina klabu ya mazoezi tu. Hawa watoto wameshajuana, Saumu anajua Rehema ataingia wapi kabla hajaingia. Shule mbili zikikutana hayo ni mashindano, hata yakiwa ya watoto wanane, na mashindano yana barua na picha ninayoweza kuipeleka ofisini kwa afisa michezo.

Usiniambie habari ya magodoro. Nililia nayo mimi kwanza, bei zake ni za watu wengine. Halafu nikagundua kuna mieleka ya ufukweni, inatambuliwa kabisa na shirikisho la dunia. Mnapigana kwenye duara la mchanga, peku, dakika tatu, wa kwanza kufika pointi tatu kashinda. Mchanga! Watu wa Tanga na Bagamoyo tunakosa mengi lakini si mchanga. Tulianzia ufukweni Sahare asubuhi na mapema, ikawa balaa, wavuvi wakaacha nyavu wakaja kutazama na kutoa ushauri. Nikawarudisha shuleni. Tumelipanua lile shimo la kurukia, fundi mmoja mzazi katuletea mchanga wa lori, na watoto wenyewe wameuchekecha kwa chekecheke la kujengea. Usingeamini vilivyotoka humo: vizibo vya soda, mifupa ya samaki, na funguo za stoo ambazo makamu alimkatia mlinzi mshahara kwa ajili yake.

Kikao cha wazazi nacho. Ustadhi mmoja kasimama, kwa adabu, akauliza watavaa nini. Swali la haki. Alikuwa ameona kile kivazi kimoja cha kubana. Nikamwambia hata huko Marekani, tangu 2017 shule zinaruhusiwa kuvaa fulana na bukta badala yake, na sisi tumechagua zaidi ya hapo: suruali ya treki, fulana ya mikono mirefu, mtandio wa kubana usio na pini. Mwamuzi mwanamke, na wanaume hawaingii. Akakaa. Aliyenichosha ni baba mwingine, si wa dini wala nini, eti haya mambo ya kizungu yataharibu watoto. Kizungu! Huko Casamance, Senegali, wasichana wa Kidiola wanapigana mieleka tangu enzi na enzi, na mmoja wao, Isabelle Sambou, alitoka huko akafika kupigania medali ya shaba Olimpiki ya London 2012. Na fainali moja ya Tokyo ilikuwa Blessing Oborududu wa Nigeria dhidi ya Tamyra Mensah-Stock, Mmarekani ambaye baba yake katoka Ghana. Blessing akarudi na fedha, medali ya kwanza ya mieleka kwa nchi yake. Nimeibandika picha yake mlangoni mwa stoo. Ule uzungu uko wapi?

Halafu watu wamesahau upesi. Sisi tukiwa shule, msichana akigusa mpira wa miguu anaitwa jikedume. Mwaka 2022 Serengeti Girls wakafika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kule India na kila baba akawa anawapigia makofi sebuleni.

Kinachonitia hofu kweli ni uzito, si mavazi. Tunapimana kwa mizani ya zahanati, na nimeshamkamata mmoja anashinda njaa ili ashuke daraja. Nikawakalisha nikawapa habari ya Vinesh Phogat wa India, Paris 2024: kashinda mapambano matatu siku moja, kamtoa hadi Yui Susaki wa Japani aliyekuwa hajafungwa na yeyote asiye Mjapani, kesho yake asubuhi kabla ya fainali akapimwa, kazidi gramu 100. Usiku kucha alikuwa anafanya mazoezi, hadi nywele alikatwa. Akaondolewa, medali hakuna. Nilitaka waogope. Rehema akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwani chooni hakwenda?" Basi nikaweka sheria yangu, kila mtu apigane na kilo alizokuja nazo, na Ramadhani hatupimi mtu. Wewe mwalimu wa baiolojia utanisaidia hapa, kuna mambo ya mwili yanataka mtu anayejua kuyasema.

Sasa nijibu, usinifanyie kama ile harusi. Unaweza kupata wasichana wanane? Hata sita. Mkuu wako wa sasa ni mtu wa kuambilika au ni wa karatasi kama wangu? Eneo lenu lina mchanga ndani ya uzio, au itabidi tudamkie ufukweni alfajiri? Watoto wangu watalala wapi, bweni lenu bado lina kunguni? Yule nesi jirani yako anaweza kukaa nasi nusu siku kwa soda na biriani? Mtihani wa muhula unaisha lini kwenu, maana nataka wiki ile ile baada yake? Tuje kwa Msata, au kuna anayethubutu kupita Pangani na Saadani na ile barabara ilivyo? Na Nasra siku hizi ana kilo ngapi? Nauliza tu.

Bodi inakaa mwisho wa mwezi, nataka niingie na jina la shule yako mkononi. Ukikubali nipigie, usiandike kwenye kundi la wana-Korogwe, Mwanaidi atasema tumefungua ulingo wa ngumi.

Nisalimie Baba Nasra. Machungwa ya Muheza nampa dereva wa Ijumaa, yapokee mwenyewe.

Wako,
Mwanahawa